Kwa Wanaotukanwa Huku Wakitunza



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezifanya tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake kwa wenye kujua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam, na jamaa zake, na masahaba zake wote, akiwemo Bilal bin Rabah, Mhabeshi aliyeteswa juu ya mchanga wa Makka, kisha mji huo ulipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra akaamrishwa yeye aadhini penye Al-Kaaba.

Ndugu zangu katika imani, na mama zetu na dada zetu mlio nyuma ya pazia, leo nazungumzia kazi ya kea, yaani kuwatunza wazee na wagonjwa. Sidhani kama kuna nyumba ya Waswahili hapa Uingereza isiyo na mtu aliyeifanya, anayeifanya, au anayengoja makaratasi yake yakamilike aanze. Wako waliofika hapa wakitoka shifti ya usiku, iliyoanza saa mbili jana jioni ikaisha saa mbili leo asubuhi, wakajilaza kidogo, wakaoga, wakaja. Na wako ambao nafasi zao safuni ziko wazi, kwa sababu saa hii wanamlisha mzee wa watu chakula cha mchana, na Ijumaa inawapita.

Kazi yenyewe ni tukufu. Kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa chache ili ngozi isichubuke, kumsafisha, kumbadilisha pedi, kumpaka losheni, kusikiliza kisa kile kile alichokisimulia jana na juzi: haya kwetu tunamfanyia mama mzazi na tunahesabu kwamba ni mlango wa pepo. Hapa mtu anamfanyia asiyemzaa, na pengine asiyetaka hata kumwona.

Nayasema kama yalivyo, maana walioyapata wamo humu. Bibi anamwambia dada yetu aondoe mikono yake myeusi mwilini mwake. Babu anamtemea mate kijana aliyepiga magoti kumvalisha soksi. Mwingine anauvuta mtandio hadi pini inamchoma mwenye nao shingoni. Mwingine anarusha kikombe cha chai. Kuna neno moja la Kiingereza la kumtukania mtu mweusi ambalo sitalitamka katika nyumba hii, lakini wapo humu wanaoitwa kwalo kila shifti, kana kwamba ndilo jina lililoandikwa kwenye beji zao. Na baada ya hayo wanamaliza kumfuta, wanamfunika shuka, wanamwekea kengele karibu na mkono ili asipate tabu ya kuita, wanatoka, wanaingia choo cha wafanyakazi na kujifungia.

Wakimwambia mtu, jibu ni moja. Kazini wanaambiwa: usijali, ni maradhi yake. Nyumbani wanaambiwa: vumilia, kazi ni kazi. Msikitini wanaambiwa: subiri. Hili la tatu ndilo linalonihusu, kwa kuwa ni neno la Mwenyezi Mungu na halifai kutolewa nusu. Mtu akipewa nusu ya subira, ile nusu ya kunyamaza, akanyimwa ile nusu ya kusimama imara katika haki, atadhani dini yake inamtaka awe mkeka wa kukanyagwa.

Dada mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo lililonileta kwenye mada hii. Alisema: Sheikh, nikitukanwa nikaenda kulia chooni, thawabu zangu za subira zinapotea?

Jibu lake liko katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama aliwahi kupatwa na siku iliyokuwa nzito kuliko siku ya Uhud. Na Uhud mnaijua: jino la Mtume (s.a.w.) lilivunjika, uso wake ulijeruhiwa, Hamza, ami yake, aliuawa. Mtume (s.a.w.) hakujibu kwamba yeye ni Mtume na hayo hayamgusi. Alimweleza kwamba ilikuwapo siku nzito zaidi, siku aliyojipeleka kwa wakubwa wa Taif wakamkataa, akaondoka na majonzi asijue anakokwenda, hakujitambua hadi alipofika mahali paitwapo Qarn ath-Tha'alib.

Tulizingatie hili. Kiumbe bora kuliko wote alikataliwa na watu, akatembea barabarani akili haipo. Na miaka baadaye, akiwa Madina, mke wake alipomuuliza, alilisema. Hakulificha, wala hakulipunguza. Siku ile ile ya Taif malaika wa milima alimjia, akamtaka idhini awaangushie watu wale milima miwili; akakataa, akitumaini kwamba katika migongo yao atatoka atakayemwabudu Mwenyezi Mungu peke Yake. Basi dada yangu, kulia hakukupotezei kitu. Mtume wetu aliyataja maumivu yake kwa jina na mahali, na wakati huo huo akazuia mkono wake usilipize. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya moyo mmoja. Nayo ndiyo ninayokuombeni mtoke nayo hapa: mkono usiodhulumu, na ulimi usioficha dhuluma.

Tuanze na mkono.

Wengi wa wazee hao akili zao zimeguswa. Dimenshia si usahaulifu wa funguo tu. Yako maradhi ya aina hiyo yanayoshika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu kusema kila linalopita moyoni, na ikishadhoofika, lililofichwa kwa adabu miaka yote linatoka wazi. Na wengi wenye dimenshia hupoteza kwanza ya jana na juzi; ya ujanani ndiyo yanayobaki. Sasa hesabuni wenyewe. Mwingereza aliyekuwa na miaka 19 mwaka 1955 leo yuko karibu na 90. Ujana wake ulikuwa katika nchi ambayo mwenye nyumba aliweza kubandika dirishani tangazo kwamba weusi hawapangishwi, na hakuna sheria iliyomgusa. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba na ajira ilikuja mwaka 1968. Wako waliochukuliwa jeshini kwa lazima wakiwa vijana, wakapelekwa Kenya wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960. Huko walifundishwa kumwita mtu mzima mwenye wajukuu "boi". Mzee kama huyo akiamka usiku wa manane, hajui yuko wapi, na mtu wa kwanza kumwona ni uso mweusi umeinama juu ya kitanda chake, pengine yeye yuko kambini, mwaka 1955, na anaogopa.

Sisemi haya ili nimtakase. Nayasema kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametutajia katika Suratun-Nahl, aya ya 70, kwamba miongoni mwetu wako watakaorudishwa kwenye umri dhalili hadi mtu asijue kitu baada ya kuwa alikuwa anajua. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyo kwa Abu Dawud na wengine, ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na aliyepoteza akili hadi imrudie. Kama kalamu ya Malaika imeinuliwa, sisi ni nani tushike kalamu yetu tumwandikie?

Na wako ambao shida yao si dimenshia hata kidogo. Mzee aliyekuwa mpole jana, leo anatukana na kupiga, pengine ana UTI. Maambukizi ya mkojo kwa wazee huvuruga akili ghafla. Pengine ana maumivu ya nyonga na hana maneno ya kuyasema. Mtunzaji mwenye macho ataliona hilo kabla ya daktari, na tusi lile litakuwa ndilo lililomwokoa mgonjwa. Hii ni hekima ya kazi yenu, na wengi wenu mnayo kuliko mimi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitukanwa na mtu wa aina hii, kwanza hakikisha yuko salama. Usimwache ananing'inia kwenye mashine ya kunyanyulia, usimwache ukingoni mwa kitanda. Kisha toka. Nenda nje ya mlango, vuta pumzi, mtake Mwenyezi Mungu akulinde na shetani, na ukae, kwani Mtume (s.a.w.) amemfundisha aliyekasirika akiwa amesimama akae. Rudi baada ya dakika chache, na mara nyingi utamkuta amesahau. Akiwa bado, mwombe mwenzako achukue nafasi. Huko si kushindwa. Ila usimwache na pedi iliyolowa kwa makusudi, usimshike kwa nguvu kuliko inavyohitajika, usimcheleweshee maji. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul-Maida, aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke tukaacha uadilifu. Na sheria ya nchi hii tangu mwaka 2015 imefanya kumtesa au kumtelekeza kwa makusudi anayetunzwa kuwa jinai ya mtunzaji mwenyewe. Dhuluma aliyokufanyia haitakutetea mahakamani. Wala haitakutetea kaburini.

Na simu zenu, tafadhali. Usimrekodi mgonjwa ili upate ushahidi, ukatuma rekodi hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Yeye ana sitara yake, hata akiwa anakutukana huku hana nguo. Zaidi ya hapo, utakuwa umewapa wakubwa wako sababu ya kukufukuza wewe, na maneno aliyokutolea yatasahauliwa siku hiyo hiyo.

Sasa ulimi.

Si kila mzee amepoteza akili. Yuko anayesoma gazeti lake kila asubuhi, anayejua bei ya hisa zake, anayemjua kila mjukuu kwa jina, na bado anasema hataki "hawa" waingie chumbani kwake. Kalamu ya huyu haijainuliwa. Anayaandikiwa anayoyasema, na si kazi yetu kumtafutia udhuru. Hata sheria ya hapa, ile ya uwezo wa akili ya mwaka 2005, inaanzia kwamba mtu mzima ana akili zake hadi ithibitike kinyume. Basi asifichwe nyuma ya maradhi asiyonayo. Naye yuko mwana au binti wa mzee, anayekuja Jumapili na maua, akimvuta menija pembeni na kumwomba mama yake apangiwe mtu mweupe. Huyu hana ugonjwa wowote.

Hapa ndipo penye jambo linaloniumiza kuliko tusi lenyewe. Menija anakubali. Hasemi kitu, anabadilisha tu ratiba. Dada yetu anafika kazini anakuta amehamishiwa ghorofa nyingine, na kila mtu anajua kwa nini. Tusi la mgonjwa limetoka kwenye ubongo uliochoka. Ratiba hii imetoka kwenye ofisi, kwenye kompyuta, kwa mtu mwenye akili timamu aliyepima maumivu yako na usumbufu wake, akaona lililo jepesi. Ni haki ya mwanamke mzee kuomba aoshwe na mwanamke mwenzake. Sisi wenyewe tungetaka hivyo kwa mama zetu. Kuchagua rangi ya mikono itakayomwosha si haki yake, na mwajiri anayegawa kazi kwa rangi ya wafanyakazi wake anajiingiza kwenye uvunjaji wa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Sheria hiyo inataja rangi, uraia na asili ya kabila au taifa. Tena iko sheria ya afya na usalama kazini, ya mwaka 1974, inayomtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana, na mtu anayetemewa mate kila asubuhi hayuko salama kazini.

Mtaniuliza: Sheikh, tufanye nini na sheria hizo? Andikeni.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, imekuja kutuamrisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa, tusichoke, na kuweka mashahidi, kwa sababu kuandika ni uadilifu zaidi na kunaondoa shaka. Mola wetu hakutaka hata dirhamu chache za mtu zipotee kwa kukosa maandishi. Je, heshima yako ni ndogo kuliko dirhamu?

Andika siku hiyo hiyo kabla hujatoka kazini. Tarehe, saa, chumba, nani alikuwapo, ulikuwa unafanya nini kabla ya tukio, kisha maneno yenyewe aliyoyatamka, neno kwa neno. Najua mkono unakuwa mzito. Mtu mwenye haya hataki kuliandika neno lile. Lakini ukiandika kwamba mzee "alikuwa mkali kidogo", wakubwa watasoma hivyo hivyo, kwamba alikuwa mkali kidogo, na hakuna kitakachofanyika. Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, ametufahamisha kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Wewe ndiye huyo. Ruhusa umepewa na aliye juu ya menija. Baki na nakala ya tarehe na maelezo ya yaliyokupata wewe, bila kubeba nyumbani karatasi za siri za mgonjwa. Omba liingie kwenye mpango wa matunzo wa mzee huyo: kwamba ahudumiwe na watu wawili, kwamba familia iitwe na kuzungumzwa nayo, kwamba wafanyakazi wote, weupe kwa weusi, wakisikia tusi hilo walikatae pale pale kwa upole na uwazi. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na walioshuhudia wenzao weupe wakilifanya wameniambia lilivyowanyanyua. Mtu anaweza kubeba tusi la mgonjwa. Kicheko cha mwenzake aliyesimama kando ndicho kinachomlemea.

Mwajiri asiposikia, viko vyama vya wafanyakazi, UNISON na GMB miongoni mwavyo, vyenye wanachama wengi wa kazi hii. Iko Acas, shirika la umma linalotoa ushauri bure. Muda wa kupeleka shauri kwenye baraza la kazi ni mfupi, unahesabika kwa miezi, kwa hiyo msikae mwaka mzima mkitafakari.

Nami nakijua kinachowafunga midomo wengi wenu. Ni viza. Serikali ilifungua mlango kwa watunzaji kutoka nje Februari 2022, watu wakauza viwanja, wakakopa, wengine wakawalipa madalali pesa ambazo hawakupaswa kulipa. Tangu Machi 11, 2024, aliyekuja kwa viza hiyo hawezi kuja na mke, mume wala watoto. Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo ukafungwa. Na mwajiri wako akisimamisha udhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Kwa hiyo dada yetu anatukanwa mchana, na jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga asikute hata mtoto wa kumkumbatia, watoto wako Tanga kwa bibi yao, na karo ya shule inangojwa mwisho wa mwezi. Anayemwambia huyu "si uache tu hiyo kazi" hajui anachokisema.

Tumezoea kuulaani utaratibu wa kafala kule Ghuba, wa mfanyakazi kufungwa kwa mdhamini wake, na ni haki yetu kuulaani, kwa kuwa anayeshika karatasi zako anaushika na ulimi wako. Basi tuone kwamba kamba ya namna ile ile inaweza kufungwa hata katika nchi yenye mabaraza na magazeti.

Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa mabegani mwa mtu mmoja. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu, dhalimu au mwenye kudhulumiwa; na masahaba walipouliza namna ya kumsaidia dhalimu, akawaeleza kwamba ni kumzuia asidhulumu. Sisi tunaoishi hapa miaka mingi, wenye uraia, wenye Kiingereza cha ofisini, tunaweza kuandika barua ambayo mwenye viza anaogopa kuiandika. Tunaweza kwenda naye kwenye kikao. Tunaweza kuwauliza wanaoendesha nyumba hizo, kwa adabu na kwa maandishi, wana utaratibu gani mfanyakazi wao akitukanwa kwa rangi yake. Mifano tunayo. Juni 2013 kituo cha ndugu zetu Wabarawa kule Muswell Hill, London, kilipoteketezwa kwa moto, jamii ile haikutawanyika; ilisimama, na Ramadhani ile Mayahudi wa sinagogi moja la Finchley waliwafungulia milango yao. Na Agosti 2024, baada ya mauaji ya watoto kule Southport, wahuni waliposhambulia misikiti na hoteli za wakimbizi, akina dada wenye shifti za usiku walikuwa wanaogopa kusimama kituo cha basi na mtandio. Wenye magari waliwapeleka na kuwarudisha. Tuliweza wakati wa moto. Kwa nini tushindwe wakati wa tusi la kila siku?

Bado kuna jambo moja, nalo ni chungu, na nisingekuwa mkweli kwenu kama ningelipita.

Abu Dharr, sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa mama yake. Na katika baadhi ya riwaya mtu huyo ni Bilal, na tusi lilikuwa ni weusi wa mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia Abu Dharr kwamba ndani yake bado mna ujahilia. Kisha akataja walio chini ya mikono yetu, kwamba hao ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza. Angalieni mafundisho haya yalivyounganishwa: tusi la rangi, na haki ya mtu anayekutumikia. Yametoka kinywani mwake kwa pamoja.

Tumewahi kumwita nani nani? Katika majumba yetu ya Mombasa, Unguja, Lamu, Dar es Salaam, Maskati, yule msichana aliyetoka bara, aliyekuja kulea watoto wetu na kumwogesha bibi yetu mgonjwa, tulimpa jina gani? Alikula sahani zipi, na alilala wapi? Bibi alipomtukana kabila lake na rangi yake, nani kati yetu alisimama akasema, bibi, huyu ni mwana wa watu? Ni posa ngapi zimerudishwa katika koo zetu kwa sababu ya rangi ya kijana, tukasingizia mambo mengine? Suratul-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu wasidharau watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao, na ikakataza kuitana kwa majina mabaya. Haikumpa ruhusa mtu wa pwani kwa mtu wa bara, wala Mwarabu kwa Mswahili. Na wako humu wanawake waliofanya kazi za ndani kwetu, kisha Ghuba, kisha hapa. Wakinihadithia, hawasemi kwamba tusi la Mwingereza lilikuwa la kwanza kusikia.

Huyo msichana wa kazi, kama yu hai, mpigieni simu. Muombeni radhi. Kama mlibaki na mshahara wake, mpelekeeni. Hatuwezi kuidai hapa haki tuliyomnyima yeye kule, tukatarajia dua zetu zipae.

Na ninyi mlio na mke, mume, mama au kijana anayefanya kazi hii: akirudi nyumbani kimya, msimwandame. Asubuhi ile baada ya shifti ya usiku si wakati wa kumuuliza pesa za kutuma nyumbani. Hasira iliyozuiwa kwa mgonjwa hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwa watoto. Muulizeni alichoambiwa. Msimkatize na "subiri" kabla hajamaliza. Mwenyezi Mungu Mwenyewe, katika Suratul-Hijr, alimwambia Mtume Wake kwanza kwamba anajua kifua chake kinavyobanwa na wanayoyasema. Kisha ndipo akamwambia amtakase na asujudu. Alianza na kumjua. Nasi tuanze hapo.

Baada ya swala, wote mnaofanya kazi za kea, wanaume na wanawake, bakini katika chumba cha madarasa. Chai itakuwapo. Wako ndugu zetu wawili, mmoja ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na mwingine anaelewa mambo ya viza, watakaa nanyi bila malipo, na mtakayoyasema hayatatoka nje. Kama hujui kuandika ripoti kwa Kiingereza, sema kwa Kiswahili, wataandika nawe. Wenye shifti za mchana wa Ijumaa, tupeni majina. Kamati itawaandikia waajiri wenu kuomba mpewe nafasi ya kuswali pale inapowezekana. Na wenye magari mnaokaa upande wa mashariki mwa mji, tunahitaji wawili wa kuwarudisha kina dada wanaotoka saa mbili usiku.

Ewe Mola wetu, wahifadhi walio kazini saa hii na Ijumaa imewapita; waandikie ujira wa waliohudhuria. Vipanue vifua vilivyobanwa. Waunganishe waliotenganishwa na watoto wao. Wape wazee wanaotunzwa na mikono yetu utulivu na faraja, na uwaongoze walio na akili zao waache dhuluma. Sisi nasi utusamehe tuliowadhulumu majumbani mwetu, na utujaalie tuwapate kabla ya kufa tuwalipe. Nasi tukirudishwa kwenye umri wa kutojua kitu, usiifanye midomo yetu kuwa adhabu kwa wanaotuosha. Amin.

Bwana muadhini, karibu.